Salamu za Dengu

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miwani yako iko usoni, maana mara ya mwisho uliniandikia bila miwani na mistari yote ilipanda mlima. Mimi sijambo kabisa. Nimehama chumba. Hiki kipya kina dirisha linalofunguka, na mwenye nyumba ni mama mpole ambaye kosa lake ni moja tu, anafua alfajiri huku anaimba. Karakanani nako nimepanda cheo. Bosi amenitoa kwenye kujaza sponji akanikabidhi mkasi. Sasa vitambaa vyote vya makochi nakata mimi, na nikikosea kidogo tu, kochi zima linavaa nguo fupi. Bado sijakosea.

Mwambie Baba nimempatia zile soksi za kubana magoti, nitazituma na basi. Azivae, asiziweke kabatini kungojea siku ya maana.

Halafu kuna jambo dogo. Dereva wetu wa kupeleka samani huwa anafika huko kwenu. Ikitokea mtu yeyote wa karakana akakutana na wewe akauliza habari za Dengu, sema hajambo, yuko kazini. Basi, ukishasema hivyo imetosha. Ni jambo dogo kweli, wala usijisumbue kuuliza sababu.

Binti wa kaka yako,
mwenye mkasi


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na soksi zimefika. Baba yako kavaa mguu mmoja, anasema goti la pili halina kosa lolote na haliwezi kuadhibiwa. Mjukuu wa mdogo wangu ameota meno na sasa anamng'ata kila anayembeba. Mimi mzima. Masikio ndiyo yale yale. Mashine za kiwanda cha uchapaji ziliondoka nayo, na ndiyo maana nakushukuru kwa kuniandikia badala ya kunipigia simu nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyasikia. Hongera ya mkasi. Nilijua watakupa, walichelewa tu.

Sasa tuje kwa hilo jambo dogo, ambalo umelisema ni dogo mara mbili, na mimi nimesahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote. Mtu akirudia, anaficha.

Dengu ninayemjua mimi alizaliwa mezani kwetu siku uliyogoma kula dengu. Ulikuwa hujaanza shule. Ukasema yupo rafiki yako atakula, na kweli sahani ikaisha, na dengu nikazikuta Jumatatu yake ndani ya kiatu cha baba yako. Tangu hapo rafiki akapewa jina. Tulimwekea kiti. Tulimsubiri mlangoni avae viatu. Baba yako alikuwa anamwaga maji ya kunawa mikono kwenye hewa tupu, mtu mzima yule, kwa sababu ulimwambia Dengu naye mikono yake michafu. Ukaanza shule, ukapata marafiki wenye miili, na Dengu akaenda zake. Hakuna aliyemfukuza.

Sasa niambie, Dengu anafanya nini katika karakana ya makochi, na huko kazini alikoajiriwa ni wapi? Mimi nikitumwa kudanganya watu, napenda kujua nadanganya nini.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na viti vya ukumbi mzima wa mikutano, vyekundu vyote, hadi nikifumba macho naona nyekundu. Baba avae soksi zote mbili, tafadhali. Na huyo mng'ataji mpeni mpira autafune.

Haya, nakwambia. Nilipoanza kazi hapa nilikuwa mwanamke peke yangu. Dereva aliniomba namba ya simu siku ya kwanza. Fundi wa vanishi alinisubiri siku ya pili ili aiombe pia, na kila nikiinama kupima kitambaa nasikia mtu ananitungia shairi. Siku moja nikachoka, nikasema nina mchumba. Wakauliza anaitwa nani. Shangazi, katika majina yote ya wanaume yaliyoko duniani, ulimi wangu ukaokota Dengu. Nikasema ni jina la utani. Nikasema tumekua pamoja, ambalo si uongo. Nikasema anapima barabara, leo yuko huku kesho kule, ndiyo maana hammwoni. Wakarudi kazini. Tangu siku hiyo nafanya kazi yangu kwa amani, na mashairi yote yamehamishiwa kwa binti wa duka la jirani.

Tatizo ni fundi wa fremu. Huyu ni seremala wetu, anayetengeneza mifupa ya makochi kabla sisi hatujayavisha. Ndiye mtu pekee ambaye hakuniomba namba. Lakini ana adabu iliyopitiliza. Tangu asikie habari za Dengu, kila wiki ananiuliza hajambo, amefika wapi na barabara yake, na ananipa salamu nimpelekee. Sasa mtu akitumiwa salamu hujibu, si ndiyo? Basi inabidi nilete majibu. Fundi wa fremu alipojikata kidole, Dengu alimpa pole na kumwambia asikiloweshe. Fundi wa fremu alipokuwa anabeba fremu nzima peke yake ngazini, Dengu alisema aache ushujaa, aombe mtu wa kumshikia upande wa pili. Fundi wa fremu akafurahi sana. Anasema mchumba wangu ni mtu mwenye utu.

Ndiyo hayo tu. Nilihofia dereva akifika huko atauliza, akachekwa yeye, kisha akaja kunicheka mimi mbele ya karakana nzima. Jina langu hapa ni zuri, Shangazi. Nimelijenga kwa mkono.

Mimi


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima, mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja pale pale ambapo baba yako aliapa ameziba. Soksi amevaa zote mbili. Alidai amezichanganya.

Nimesoma barua yako na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Kila mahali ulipoandika "fundi wa fremu" nikapiga mstari. Ukurasa ukaonekana una surua. Nikamwonyesha baba yako, akasema, "Hapo kuna mtu."

Kwa hiyo nakuuliza, unampenda? Jibu kwa neno moja, mimi si mteja wa kuzungushwa.

Nimechapa riwaya nyingi za mapenzi, zile nyembamba zenye jalada la rangi ya waridi, na nimezisoma zote mara mbili kwa sababu ya kazi na mara ya tatu kwa sababu zangu. Katika kila moja kuna msichana mwenye neno moja la kusema, na halisemi, na kwa kuwa halisemi mimi nalazimika kuchapa kurasa nyingine mia. Sikuwahi kumpenda yule msichana. Nilikuwa nasimama mbele ya mashine nikimwambia kwa sauti, sema, mama, tukapumzike.

Na jambo moja nataka ulielewe. Mtu aliyekuheshimu kiasi cha kumsalimia mpinzani wake kila wiki hatakufuata. Hata ungekaa naye karakana moja hadi mvi. Yeye si wale. Huyu ni wewe utakayemwambia.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na kazi nyingi, na kazi zilipokwisha nilitafuta nyingine. Poleni na paa. Nimemtumia Baba lami ya kuzibia, aipake juu, si ndani.

Lile swali lako nimelisoma.

Nilitaka kulimaliza kwa njia rahisi. Nikatangaza karakanani kwamba mimi na Dengu tumeachana. Nilidhani ndiyo imekwisha hapo. Mtu anaachana, siku zinapita, anakuwa huru, na hakuna anayejua kwamba dada mkubwa wa mkasi alikuwa anajipelekea salamu na kurudisha.

Mambo yakaenda kombo kabisa. Dereva alianza upya siku hiyo hiyo. Fundi wa vanishi aliniletea maneno ya faraja yenye mizani. Lakini fundi wa fremu aliumia, Shangazi. Alikaa juu ya kochi lisilo na sponji, akaniuliza kosa lilikuwa la nani. Nikasema la kila mtu. Akasema haiwezekani mtu kama yule aachwe kwa jambo dogo, kwamba watu waliokua pamoja hawaachani hivi hivi, labda ni umbali tu umewachanganya. Akauliza wazee wa Dengu wako wapi. Nikasema ni majirani zenu. Nilisema hivyo ili tu aache kuniangalia.

Na kuna hili. Amepata kazi kiwanda cha samani mji mwingine. Mwisho wa Julai anaondoka. Bosi ametangaza, tukapiga makofi, nami nikapiga.

Kitambaa cha juzi nilikikata kifupi.

Mimi


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na kaa chini.

Jumapili iliyopita nilifungua mlango nikamkuta kijana mrefu, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani, amekaa basini kutwa nzima. Akaniamkia vizuri. Akasema anafanya kazi na wewe, anatengeneza fremu, na anaomba nimwonyeshe nyumba ya akina Dengu.

Nikamkaribisha ndani. Baba yako aliposikia jina la Dengu akaanza kutetemeka mabega. Nikamwambia mgeni kwamba kaka yangu ana kikohozi, nikampeleka na kikohozi chake jikoni nikamfungia huko.

Mgeni alikuwa ameandaa hotuba, lakini mimi na masikio yangu nikamwomba aongeze sauti. Akaongeza. Jirani akafungua dirisha. Kwa hiyo mtaa mzima unajua kwamba kijana huyu amesafiri kuja kumtafuta Dengu amwombe arudiane na wewe, kwamba wewe siku hizi unakata vitambaa vifupi, hucheki, na kwamba mwanamke wa namna yako haachwi na mtu mwenye akili. Alisema yote hayo amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza akaona mguu wa kiti chetu umelegea, akakipindua akakikaza kwa kisu cha mezani, akakaa.

Ningeweza kumwambia. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nikajizuia, na unanijua, kujizuia si fani yangu. Nilimwambia kwamba Dengu hatampata hapa, na anayejua habari zake kwa ukamilifu ni wewe, akuulize. Sikudanganya na sikutoboa. Nimemlisha, nimempa maji ya kuoga, asubuhi akaondoka.

Mlangoni aliniambia jambo moja. Safari hii hakupaza sauti, na nililisikia lote. Sikuandikii. Si mali yangu.

Julai hiyo inakuja. Jina zuri kazini ni kitu kizuri, nami nilikuwa nalo. Nilistaafu nalo. Linakaa na mimi hapa jioni, halisemi kitu.

Shangazi yako


6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwambia.

Nilimkuta anapima mkono wa kochi. Alikuwa ametoka kwenu na hakuwa ameniambia lolote, alikuwa anangoja nianze mimi. Nilikuwa nimetunga maneno tangu chumbani kwangu, yote yakakimbia. Nikasema, "Dengu si mtu."

Akasema najua umemkasirikia, lakini tusimvunjie heshima hivyo.

Nikapiga moyo konde. "Dengu hakuwahi kuwepo. Nilimbuni nikiwa mtoto ili anilie chakula. Nikamleta hapa ili mniache nifanye kazi."

Fundi wa vanishi alikuwa nyuma ya kabati analipaka, na sisi hatukumwona. Nilisikia brashi inaanguka ndani ya kopo. Kabla ya chakula cha mchana karakana nzima ilikuwa na habari. Dereva alikuja kuniuliza kama Dengu ataniletea kadi ya mwaliko. Bosi mwenyewe, mtu asiyecheka hata akilipwa, alitoka ofisini akarudi haraka akafunga mlango. Kile nilichokiogopa kilikuja chote, Shangazi, na kilikuwa kirefu kama nilivyokiogopa. Nilikata kitambaa huku wanacheka. Nilikikata sawasawa.

Yeye hakucheka. Alikasirika. Alisema amekaa basini kutwa kwenda kumbembeleza hewa, mbele ya mzazi wangu, kwa sauti ya kusikika barabarani. Nilimwomba radhi, akasema amesikia. Akaendelea na randa yake, na kwa siku kadhaa alinisalimia kama mteja. Nililia, nakwambia kweli. Nililia chumbani kwangu na mwenye nyumba akaacha kuimba.

Jana akanifuata mezani kwangu. Hakuanza na habari ya hali.

"Na zile salamu?" akauliza.

"Zipi?"

"Alizokuwa ananitumia. Pole ya kidole. Ile ya nisibebe fremu peke yangu. Ile ya kipindi mama yangu alipougua, kwamba nilale, nitakuwa na faida gani kwake nikianguka na mimi."

Nikasema zilikuwa zangu. Zote zilikuwa zangu.

Akachukua kipande cha chaki yangu, akakigeuza. Kisha akasema, "Basi mimi nimependwa mwaka mzima na hakuna aliyeniambia."

Shangazi, neno moja ulilolitaka Aprili, jibu lake ni ndiyo. Nilimwambia yeye kwanza, ndiyo maana wewe unalipata leo.

Alinieleza pia lile la mlangoni. Kwamba alikuambia akibaki hapa atamtamani mchumba wa mwenzake, na Dengu hajamkosea, kwa hiyo anamrudishia kilicho chake kisha anaondoka. Wewe ulilisikia hilo ukamwacha apande basi. Una roho ngumu wewe. Nakushukuru.

Kiwandani anakwenda. Ametia saini mpaka Desemba, na mtu huyu akitoa neno halirudi. Sikumwomba abaki. Nimempatia kitambaa kizuri cha kufunikia kitanda chake huko, na nimemwambia aandike.

Mimi


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako kasoma barua yako peke yake barazani, akarudi ndani anajifanya vumbi limemwingia machoni. Paa kalipaka lami juu, halivuji.

Sina cha kusahihisha katika barua yako. Ila pale ulipoandika roho ngumu. Nilipomfungia mgeni mlango nilikaa kwenye kile kiti chenye mguu uliokazwa nikaogopa, kwa sababu kama ungenyamaza tena ningekuwa nimempoteza mkwe mzuri kwa kiburi changu cha kanuni. Uandike na hilo.

Na hao wanaokucheka, wacheke wamalize. Kicheko cha kazini huisha mshahara ukichelewa.

Shangazi yako


9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Baba. Ninaandika mchana wa leo leo kwa sababu nikingoja nitasahau namna ilivyokuwa.

Fundi wa fremu ameandika. Anaandika vibaya, herufi zake zote zinaegemea ukutani, lakini anaandika kila wiki na anasema anachotaka kusema. Januari anakuja kwenu na wazee wake. Amesema safari hii hataongea akiwa amesimama.

Kule kucheka kulikuwa kumeanza kupoa. Sasa leo akaja mteja, bwana mmoja mwenye hoteli, kuagiza viti vya mapokezi. Akanipima mimi kwa macho kuliko alivyopima viti. Akanisifia mkasi, akanisifia mikono inayoshika mkasi, kisha akaniuliza kama nina mtu.

Nikamjibu kwa heshima zote, bila kufikiri, kwamba nina mchumba, lakini kwa sasa yuko kazini, mbali.

Shangazi, fundi wa vanishi alikaa chini sakafuni. Dereva alitoka nje akiwa ameshika mbavu, nikamsikia anapiga bodi ya gari kwa kiganja. Bosi alifungua mlango, akauliza kuna nini, mtu akamwambia, naye akacheka mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Yule bwana wa hoteli akawa anatuangalia mmoja mmoja. Akaniuliza kwa upole kama huyo mchumba yupo kweli.

Nikasema yupo. Nikashindwa kuendelea, kwa sababu nami nilikuwa nacheka, machozi yananitoka, na furaha niliyokuwa nayo pale mezani, katikati ya wale watu wanaonizomea, sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Yupo, Shangazi.

Ni mimi binti wa kaka yako, mchumba wa mtu